Baraka Mbele ya Kitambaa cha Kijani

Mimi nina mdomo, sikatai. Kwenye studio yetu pale Karatu watu wananijua kwa mambo mawili: kuunganisha picha na kufoka. Mwenzangu, ambaye ndiye mshika kamera na ndiye mwenye nyumba, husema nikiimaliza siku bila kumgombeza mtu nipelekwe hospitali. Yeye ni mtu wa duka, anauza vitenge na vitambaa vya sare upande wa barabarani, na studio iko chumba cha nyuma, palipokuwa stoo ya magodoro. Nikianza kupiga kelele anavuta pazia la mlango ili wateja wasisikie, halafu ananiuliza kwa upole, "Dada, chai umekunywa lakini?"

Kazi yenyewe nitaieleza kwa kifupi, maana hata mama yangu mzazi nilimweleza miaka na miaka, bado anaiita "yale mazingaombwe yako." Mtu anasimama mbele ya kitambaa cha kijani. Kompyuta inaambiwa: kila penye kijani hiki, futa, weka picha nyingine. Basi mtu aliyesimama kwenye stoo ya magodoro anaonekana yuko ukingoni mwa kreta, upepo tu ndio haumpigi. Hiyo ni moja. Ya pili ni kinyume chake: unachukua mahali pa kweli, unapandikiza kitu ambacho hakipo, nyumba au ng'ombe, na kamera ikienda kushoto au kulia kitu kile kinabaki palepale kama kimechimbiwa. Sisi tulikuwa tunazichanganya zote mbili, mubashara, kila wiki, kwenye kipindi chetu cha mifugo na mazao cha mtandaoni. Vifaa vilikuwa vya kuungaunga, lakini vilifanya kazi.

Mtangazaji wetu alikuwa binti wa Kimaasai kutoka Enguserosambu. Alikuja Karatu kusoma mambo ya utalii, akaja kwetu kuulizia kazi ya kupokea simu. Simu zenyewe za kupokea tulikuwa hatuna. Nikamwambia asimame mbele ya kitambaa nijaribu taa, aongee chochote kinachomjia. Akaanza kumwelezea ng'ombe. Hakukuwa na ng'ombe, lakini alimpapasa mgongo hewani, akamsukuma kichwa asimkanyage, akatuonyesha kovu la kwenye paja na kutuambia alilipataje. Mwenzangu akanyoosha shingo nyuma ya kamera kumtafuta huyo ng'ombe. Nilimpenda binti yule tangu dakika ile, nikajikaza nisimwonyeshe, maana angevimba kichwa.

Alikuwa mtoto wa kuchosha, jamani! Anachelewa, anakula karanga juu ya kibodi yangu, anacheka hewani mpaka anashindwa kusoma bei ya mbuzi. Nikimfokea ananijibu, "Ndiyo mama," kwa sauti ya unyenyekevu kabisa, halafu kesho anarudia yaleyale. Wanangu wawili wako mbali na hawapigi simu mpaka wawe na shida. Huyu alikuwa ananipigia akiona mwezi mzuri.

Akachumbiwa na dereva wa watalii, kijana wa Singida, mpole, ambaye nilimhoji mwenyewe kwa saa nzima mpaka akatoka jasho. Siku ikapangwa. Baba wa binti, kule Enguserosambu, akaikubali mbele ya pande zote mbili. Mama yake alishatangulia mbele za haki wakati yeye hajaanza hata kutembea, kwa hiyo baba alikuwa ndiye baba na ndiye mama. Ndiye aliyemsuka nywele kwa mara ya kwanza, akamsuka vibaya, na ndiye aliyeuza dume lake la mbegu ili asome.

Wiki tatu kabla ya harusi, mzee alimfuata ndama kwenye mawe, akateleza, akavunjika mguu. Akalazwa hospitali Wasso, akafungwa plasta ngumu, kisha akahamia kwa mwanawe mkubwa hapohapo Wasso, ambaye ana duka dogo la fotokopi na picha za pasipoti. Kumsafirisha ilikuwa haiwezekani. Binti akakata tiketi aende yeye, abarikiwe, arudi. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, basi likafika mtoni likakuta mto umebeba barabara, likageuza. Alirudi studio na tope mpaka magotini, akakaa juu ya sanduku la taa, akalia kama mtoto wa chekechea.

Naomba nieleweke hapa. Kwao, binti haondoki nyumbani kwa baba yake bila baba kumwekea mkono kichwani na kumtamkia baraka. Anainamisha kichwa, baba anamgusa, anatamka, na wazee waliopo wanaitikia "Naai!" kwa kila neno, kama watu wanavyoitikia amina. Hapo ndipo ameolewa. Kanisa na keki ni sherehe nyingine. Mwenzangu akamshauri kwamba baba mdogo wake, anayekaa upande wa huku Ngorongoro, anaweza kubariki kwa niaba. Binti akafuta kamasi kwa mkono.

"Baba mdogo atanibariki kwa sababu ameombwa," akasema. "Baba atanibariki kwa sababu ni baba."

Tukampigia mzee kuomba siku isogezwe mbele. Akakataa katakata. Alisema amekwisha kuwapa watu neno, na mguu ni wake, neno si lake tena.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake. Nikasema, "Acha kulia. Nitamleta mzee ukumbini mimi." Mwenzangu akanitazama vile anavyomtazama mteja anayetaka kitambaa cha bure. Lakini nilikuwa nimeshasema, na binti alikuwa ameshanyamaza.

Mpango ulikuwa hivi. Kule Wasso, kaka wa binti atundike kitambaa cha kijani nyumbani kwake, mzee akae mbele yake kwenye kigoda, simu imchukue na kumtuma kwetu. Mimi ukumbini Karatu nifute kijani, nimweke mzee kando ya binti yake kana kwamba wamekaa pamoja. Nyuma yao nipandikize lango la boma lao, nililolitengeneza kutokana na picha alizokuwa nazo binti kwenye simu, lenye miiba yake na ule mti uliopinda, ili kamera ikizunguka lango libaki limesimama. Binti ataonekana anatoka kwao. Yote hayo yataonekana kwenye ukuta mweupe wa ukumbi kwa projekta, na kwa ndugu wote wa Loliondo na Enguserosambu kwenye simu zao. Simu ya pili kule Wasso itamwonyesha mzee ukumbi wetu.

Kilichobaki ni mkono. Mkono wa mzee uko Wasso na kichwa cha binti kiko Karatu, itakuwaje vigusane? Nikampa kaka maagizo: chukua ndoo, iweke juu ya kiti kando ya mzee, ifunike kitambaa kilekile cha kijani. Kompyuta itaifuta ndoo. Mzee ataweka mkono juu ya ndoo, na huku kwetu binti akiinama, kichwa chake kitakuwa palepale ndoo ilipo. Niliwachosha kwa vipimo vya sentimita mpaka kaka wa watu akazima simu, akasema ilikuwa chaji.

Kitambaa nacho! Wasso nzima hakuna kitambaa cha kijani cha kutosha isipokuwa cha sketi za shule, tena kwa fundi mmoja, na robota mbili tofauti, moja imefifia kwa jua. Kaka akaviunganisha, akavipiga pasi ya mkaa. Kwenye skrini yangu mikunjo ilionekana kama matuta ya viazi, na upande mmoja ulikuwa kijani cha majani, mwingine kijani cha chura. Nikalazimika kuiongezea kompyuta ukali: futa kijani cha aina yoyote, usibague. Na kwa sababu hiyo nikapiga marufuku. Asivae mtu kijani. Bangili ya mzee ina shanga tatu za kijani, ivuliwe. Saa ya kaka ina mkanda wa kijani, itoke. Nilijiona mjanja kweli. Nilimwambia mwenzangu, "Hakuna kijani kitakachonipita."

Siku moja kabla tukafanya majaribio. Mzee akatokea kwenye skrini na shuka lake jekundu, mguu wenye plasta umenyooshwa mbele na kufunikwa vizuri.

"Shikamoo baba," nikamwambia kwenye kipaza sauti. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naongea naye moja kwa moja, kwa kuwa sauti ya ukumbi ingemrudia kama mwangwi.

"Marahaba mama. Huyu ndiye binti yangu?" akauliza, akigonga ndoo.

"Kwa leo ndiye huyo, baba."

"Nimebariki ng'ombe, nimebariki mbuzi, nimebariki vijana wasiosikia. Ndoo bado." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nami nikacheka, kazi ikasimama.

Akaweka mkono juu ya ndoo, na huku kwetu mkono ukatua juu ya nywele za binti, barabara kabisa. Yeye alikuwa anajitazama kwenye runinga ndogo niliyomwekea miguuni. Akanyanyua mkono wake taratibu akapapasa pale juu ya kichwa, palipokuwa na hewa tupu. Mwenzangu akajifanya anafuta lenzi.

Nikamwomba mzee atamke baraka zote mara moja, tupime muda. Akakataa.

"Mama, baraka haijaribiwi. Nikiitamka nimeshaitoa. Kesho nitakuwa na nini?"

Nikasema sawa. Alikuwa na haki yake, na mkono ulikuwa umekaa. Nikalala nikiwa nimeridhika, mjinga mimi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wazee wa upande wa binti walikaa mstari wa mbele na fimbo zao, ndugu wa Singida upande wa pili na kanga mpya. Binti alivaa gauni jeupe la kanisani na shela ndefu, na juu yake shanga za kwao mabegani. Akasimama kwenye alama yangu ya selotepu, kando ya kigoda kitupu. Nikahesabu moja, mbili, nikafungua picha ya Wasso. Kwenye ukuta mzee akatokea amekaa juu ya kile kigoda, ubavuni mwa bintiye, na lango la boma lao limesimama nyuma yao. Mwenzangu akaizungusha kamera taratibu, lango halikutikisika. Weee! Vigelegele vilivyopigwa nilivisikia mpaka kwenye meno. Mama mmoja wa Singida alikwenda kukigusa kigoda, akarudi anasema hakuna mtu. Nilikuwa nimevimba kwa fahari, sitaki kudanganya.

Mzee akasalimia, akatania kwamba bwana harusi ni mwembamba. Binti akacheka. Kisha uso wa mzee ukawa wa kazi. Nikaona kwenye skrini yangu ya pembeni, ile inayoonyesha picha ya Wasso kabla ya kuguswa, kaka akimpa kibuyu cha maziwa kwa mkono wa kushoto. Na kwa mkono wa kulia akampa konzi ya majani.

Majani mabichi, ya asubuhi ileile, bado yana umande. Nimezaliwa na kukulia jirani na Wamaasai. Nimewaona wazee wakishika majani kwenye kila baraka na kila upatanisho tangu nikiwa mtoto mgongoni. Hawabariki bila majani, kila mtu Karatu anajua, mimi ninajua! Nilikuwa nimefukuza shanga tatu za kijani na mkanda wa saa, na majani hayakunijia kichwani hata mara moja. Sikuwa nimeyahesabu kuwa rangi. Kwangu yalikuwa ni baraka tu.

Kwenye ukuta, mzee aliinua ngumi tupu. Akaichovya kwenye kibuyu, akanyunyiza, na matone ya maziwa yakaruka kutoka mahali pasipo na kitu. Akatamka neno la kwanza.

Hakuna aliyeitikia.

Binti akainama, mkono ukamtua kichwani, mzee akatamka la pili. Wazee wa mstari wa mbele walikuwa wanatazama ule mkono. Fimbo hazikusogea. Mmoja akamgeukia baba mdogo na kumuuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo ukumbi wote ulisikia, "Mbona anambariki mtoto kwa mkono mtupu?" Na binti, aliyekuwa anajitazama kwenye runinga ya miguuni, akainua uso akanitazama mimi kule mwisho wa ukumbi. Sijawahi kutazamwa vile. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiuliza kama ni kweli.

Nikapunguza ukali wa kompyuta. Majani yakarudi kama vidoadoa, lakini mabaka ya kitambaa nayo yakarudi yakamfunika mzee nusu ya uso. Nikaongeza, majani yakapotea. Mzee anaendelea, hajui. Njia ilikuwa moja tu: kuzima kila kitu, kufuta lango, kufuta kukaa kwao pamoja, na kuonyesha chumba cha Wasso kilivyo. Lakini nikifanya hivyo ukumbi mzima utaona kamba ya kuanikia nguo, vitambaa vya sketi za shule vilivyounganishwa kwa haraka, plasta ambayo shuka lilikuwa limeiacha wazi, na mzee wa watu ameweka mkono juu ya ndoo. Niliogopa watamcheka. Niliogopa zaidi watanicheka mimi, bora niseme ukweli.

Mwenzangu, jicho bado kwenye kamera, akasema chinichini, "Dada. Zima."

Nikazima.

Lango likapotea. Ukuta mzima ukawa chumba cha Wasso: kijani cha aina mbili, vibanio, ukingo wa kitanda, plasta, ndoo iliyovishwa kitambaa, na juu ya ndoo mkono wa mzee umekamata majani mabichi yanayochuruzika maziwa. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akanyamazishwa. Wazee wakayaona majani. Sauti ikapita katika mstari wao, kama ya mtu aliyetua mzigo. Lakini bado hawakuitikia. Walikuwa wanamtazama binti, kwa sababu mkono wa baba haukuwa tena juu ya kichwa chake, ulikuwa juu ya ndoo, na yeye alikuwa amesimama peke yake kando ya kigoda kitupu.

Akatoka kwenye alama yangu. Nilimkataza mara mia asitoke kwenye ile alama. Akakusanya gauni, akatembea mpaka ukutani, akaingia ndani ya mwanga wa projekta, na chumba cha Wasso kikamwangukia mgongoni. Akaitafuta ile ndoo kwa macho, akasogea hatua moja kulia, akainamisha kichwa palepale ndoo ilipokuwa. Shela yake ilikuwa nyeupe kuliko ukuta. Mkono wa baba yake ukakaa juu yake, wote, na vidole vyake, na majani yakawa ya kijani juu ya kichwa chake. Ndoo haikuonekana tena. Sikuwa nimegusa kitufe chochote.

"Naai!" wakaitikia wazee, na ukumbi ukatetemeka.

Mzee akanyamaza. Nilidhani ni zile sekunde mbili ambazo mtandao huchelewesha sauti. Zikapita, na nyingine zikapita. Ndipo nikamsikia kwenye hedifoni, sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia kwake hata siku moja.

"Mama? Mama wa studio?"

"Ndiyo, baba."

"Picha yenu huku imeganda. Naona kigoda kitupu, na pale alipokuwa amesimama hayupo. Amekataa? Ameondoka?"

Kwenye ukuta niliuona mkono unaanza kunyanyuka kutoka kwenye ndoo, na majani yakaanza kuachana na shela. Binti hakuweza kuona, kichwa alikuwa amekiinamisha. Aliyeweza kumjibu ni mimi tu, na mimi, mwenye mdomo, nilikuwa nautazama ule mkono tu. Mwenzangu akanipiga kiwiko cha ubavu, kwa nguvu.

"Yuko chini ya mkono wako, baba," nikasema. "Usiutoe bado."